Mashine Haiji Dodoma

Baba Neema,

Nilianza na "mpendwa", nikafuta. Salamu kachukue kwa huyo uliyemfuata Dodoma. Nakuandikia habari ya mashine, na naandika hadharani kwa sababu na wewe ulinitangaza kwa watu, eti mwanamke hawezi CNC, mashine ya kuchonga mbao kwa kompyuta.

Unakumbuka tulivyoiunda? Chumba cha mbele hapa Bonga, wewe unakaza skrubu, mimi nimeshika reli isiyumbe, ugali unaungua jikoni na hakuna anayejali. Siku mashine ilipofuata mchoro wa kompyuta ikachonga ua la kwanza kwenye kipande cha mninga, ulininyanyua juu ukapiga kelele, "Mama Neema, tumetoka!" Nilikupenda siku ile, sikatai.

Ukaondoka. Ukaniachia mtoto na mashine inayokwenda mwendo wa kinyonga. Mzee Swalehe, yule mwenye duka la vitambaa, alikuwa ameagiza mlango wa nyumba yake mpya kule Nakwa. Kisu kinasuasua, kinasugua mbao badala ya kuikata, kingo zinaungua. Nikabadilisha waya wa kompyuta. Nikapaka reli mafuta. Nikakagua mota moja moja. Wapi! Nikakupigia simu, ukacheka, ukasema, "Mashine inamjua mwenyewe."

Hukuishia hapo. Ukamtuma baba yako mkubwa kutoka Singe na ujumbe: kwa kuwa nimeshindwa, mashine ipakiwe iletwe kwako. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anaangalia chini. Akasema atarudi Jumamosi na gari. Jamani! Mtu anakuachia mtoto, halafu anataka na kijiko cha kumlishia.

Nikakaa nikafikiri. Kwenye mchoro nilikuwa naandika kasi kubwa, mashine inatambaa. Nikaandika mara mbili yake, inatambaa vilevile. Basi kosa haliko kwenye mchoro. Nikaingia kwenye mipangilio ya mashine yenyewe, nikakuta kikomo cha mwendo kimeshushwa chini kabisa. Hata uiamuru vipi, haivuki hapo. Na aliyekuwa anagusa mipangilio ile ni wewe peke yako.

Ndipo nikakumbuka siku uliyokuwa unachonga kitanda, mteja amekaa anasubiri. Uliniambia sikioni, "Akiona kazi imeisha kabla hajamaliza chai, ataomba apunguziwe. Acha aone jasho." Nilidhani unatania. Ni kweli watu wetu hupenda kumwona fundi anahangaika, ndipo waridhike kutoa hela. Lakini uliondoka unajua, ukanyamaza. Muda wote ule nilijiita mjinga mbele ya mwanangu, na wewe unajua. Mnafiki mkubwa wewe!

Nilipandisha kikomo kidogo kidogo, nikijaribu kwenye mabaki ya mbao, mpaka mota zilipoanza kukwama, nikarudisha nyuma kidogo. Mlango wa Mzee Swalehe ukachongwa asubuhi moja, kingo safi. Naye alipoona umeisha upesi hivyo, akaomba apunguziwe kweli! Nikamwambia, "Mzee wangu, tafuta kosa kwenye mlango. Ukilipata, tutaongea." Akaupapasa juu mpaka chini, akaita vijana wake waubebe.

Jumamosi baba yako mkubwa akaja na gari. Nikampa kiti, nikaiwasha. Akatazama kisu kinavyokimbia, kisha akauliza, "Sasa nani alikuwa ameizuia?"

Nikamweleza yote. Halafu akatoka nje akamwambia dereva ageuze gari, warudi tupu. "Akikuuliza mashine," aliniambia, "mwambie anipigie mimi."

Basi mpigie, anasubiri simu yako. Mimi usinipigie. Neema akikua akataka kukujua, namba yako nitampa, sitamnyima baba. Mimi na wewe tumemalizana.

Ni mimi, uliyesema siwezi,
Mama Neema