Saa Mbili Nyuma

Jumatatu, 10 Februari

Bosi anataka ukurasa wa kulinganisha milima miwili kwenye tovuti ya wakala wetu wa safari, wateja wachague bila kutuuliza maswali mia. Nimeandika. Mlima wa chemchemi: saa zake sawa na zetu, msitu, maji ya moto ya kuoga, njia za kutembea taratibu. Mlima wa theluji: saa mbili nyuma yetu, na gari la kamba linalopanda hadi juu likining'inia kwenye waya.

Mzee wa Viza, tunayekaa naye meza moja, anasema wa kwanza ni wa wastaafu, wa pili ni wa kupigia picha. Dada yangu amestaafu mwezi jana! Yeye na Shemeji wanataka chemchemi. Nimemwambia asizeeke kabla ya wakati, aende akashike theluji. Akacheka. Akakubali.

Jumapili, 2 Machi

Wameondoka. Shemeji ana dawa ya pumu kila mfuko. Ratiba nimewaandalia mwenyewe, siku kwa siku, saa kwa saa. Dada ameniagiza nimwangalie binti yake asilale njaa — binti wa miaka ishirini na miwili!

Jumatano, 5 Machi

Picha moja. Wanacheka, pua nyekundu. Kesho wanapanda juu.

Alhamisi, 6 Machi

Saa moja jioni. Kwao saa kumi na moja. Dada hajapiga. Simu haipatikani.

Nimepigia simu nyumba ya wageni walikofikia. Mama wa mapokezi anasema hawajarudi, ufunguo wao uko ukutani. Akauliza kama waliwahi gari la mwisho la kushuka, la saa tisa.

Saa tisa? Mimi nimewaandikia saa kumi na moja!

Nimefungua tena tovuti ya gari la kamba, nilikotoa saa. Mungu wangu. Inageuza saa kufuata kompyuta ya anayesoma. Saa kumi na moja ni ya kwetu. Kwao ni tisa. Nilinakili tu, sikufikiri. Mimi, niliyeandika "saa mbili nyuma" kwa mkono wangu!

Nimemweleza yule mama. Amewaita waokoaji, lakini upepo ni mkali, gari haliwezi kupanda mpaka kesho asubuhi. Juu kuna kibanda cha dharura. Kama wamekiona.

Binti akapiga, akauliza mbona mama hapatikani. Nikamwambia ni mtandao. Nimemdanganya mtoto wa dada yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu asubuhi, ofisini. Sijala. Bosi amesharekebisha saa ya gari kwenye ukurasa wetu wa milima, kimyakimya, kabla hata ya kunisalimu. Amesema tusiandike popote kwamba kosa ni letu. Naandika hapa: kosa ni langu.

Saa nne kasoro robo. Binti ameingia. Amepigia simu nyumba ya wageni mwenyewe, wamemwambia yote.

"Mama mdogo, ulijua tangu jana?"

Nikamwonyesha nakala ya ratiba. Nikaweka kidole kwenye ile saa. Akasoma. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Afadhali angepiga kelele.

Saa nne na dakika kumi. Gari limepanda na waokoaji wawili. Mama wa mapokezi yuko kituo cha chini, kwenye redio yao, na simu yetu iko spika mezani. Naandika kila ninachosikia.

Wanakiona kibanda. Mlango uko wazi. Kuna mtu anapunga mkono.

Mtu mmoja.

Binti ameuliza: mwanamume au mwanamke? Mama wa mapokezi anasema tungoje, upepo unameza maneno. Mzee wa Viza ameinamisha kichwa. Bosi amesimama mlangoni na kikombe, haingii wala hatoki.

Binti amenishika mkono wa kushoto. Kucha zinaingia. Sijui ananishikilia au ananiadhibu. Sitautoa.

Redio inakwaruza. Wamekaribia. Wanasema mtu huyo amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na anaonyesha ndani ya kibanda —