Niachieni Nafasi ya Kiganja

Kongowe, Kibaha

Dada yangu Kabula,

Shikamoo dada. Najua umeshika bahasha hii ukajiuliza nani tena amekufa, maana siku hizi mtu haandiki karatasi bila jambo. Hajafa mtu. Mimi mdogo wako Maduhu ni mzima wa mwili, nakula, usingizi ndio unanikimbia. Goti lako la kushoto linaendeleaje na baridi ya asubuhi? Yule ng'ombe mwekundu wa mama, mayu wetu, amekubali kukamuliwa na mkono mwingine, au bado anarusha teke? Mvua imewafikia?

Sikupiga simu kwa sababu kwenye simu ulimi wangu una mbio. Nikisikia tu sauti ya mtu wa nyumbani, tayari nimeshakuwa meneja. Karatasi inanichelewesha. Mtu wa darasa la tano kila neno analitafuta kama ndama aliyepotea, na akishalipata analitazama vizuri kama ni lake au la jirani.

Basi nianze na hilo la umeneja. Dada, mimi si meneja. Sijawahi kuwa. Ule mwaka niliokuja nyumbani na miwani ya jua nikawaambia wajomba zangu, wanao, kwamba bosi halambi hata kijiko kabla sijamruhusu, nilikuwa nimeajiriwa wiki tatu, kazi yangu ikiwa kuosha mifuko. Mpaka leo naosha mifuko. Sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Nikueleze mifuko gani, usije ukadhani nafua magunia. Nyanya za hapa hazilimwi shambani. Zinapewa jua kwa kupimiwa, ndani ya kitalu nyumba, banda kubwa la nailoni, na chini hakuna udongo. Hakuna kabisa. Kila mche umekaa kwenye mfuko uliojaa makumbi ya nazi yaliyosagwa. Chakula chake ni mbolea ya chumvichumvi inayoyeyushwa kwenye maji na kupita kwenye mipira myembamba, tone kwa tone. Mche unakunywa maji, chumvi nyingine unaiacha. Inajikusanya mle ndani siku hadi siku, mpaka unaona ukoko mweupe juu ya makumbi kama majivu, na majani yanaungua pembeni. Kwa hiyo kabla ya kuchuma tunasimamisha mbolea, tunapitisha maji matupu ya mvua siku kadhaa, tunaisukuma chumvi itoke chini ya mfuko. Maji ya kisima hayafai, yana chumvi yake. Tunatumia ya mvua, tuliyoyakinga kwenye simtanki tatu. Unaosha mpaka maji yanayotoka chini yawe sawa na yale yaliyoingia juu. Hapo ndipo unaacha.

Kujua yamekuwa sawa kulikuwa na kipimo, kidude kama kalamu nene. Kikafa betri. Mama mwenye shamba, ambaye ni mtu wa ofisini, kila asubuhi anakwenda Dar na jioni anarudi, akasema atanunua kingine. Mimi nikamwambia usijisumbue mama, ulimi huu unatosha. Nikamsimulia kwamba kule kwetu nilikuwa naonja maji ya lambo nikataja idadi ya ng'ombe waliokunywa. Akacheka. Akanijaribu kwa vikombe vitano, kimoja amekitia chumvi punje chache, nikakitoa. Kuanzia siku hiyo betri haikununuliwa. Nikawa nakinga maji kiganjani chini ya kila mfuko, naonja, natema, natangaza kama hakimu.

Wewe unajua nilikoupata ulimi huo. Mayu alipokuwa akipika alinidondoshea mchuzi kiganjani kwa mwiko, akaniuliza, "Inatosha?" Wewe na kaka Shija mlikuwa wakubwa, mko kwenye kazi za maana. Mimi nilikuwa na kazi hiyo moja tu, na aliniuliza kwa heshima kama vile nikisema haitoshi jiko zima litasimama. Nadhani ndipo maringo yangu yalipoanzia.

Sasa ile siku uliyonipigia. Uliniambia, "Maduhu, mayu amepumzika." Tulikuwa siku ya pili ya kuosha. Jioni nikamfuata mama mwenye shamba pale anapoegesha gari. Nikamwambia nimefiwa na mama. Alishusha mkoba chini. "Pole sana, Mzee Maduhu. Utaondoka lini?" Halafu akatazama banda, akauliza, wala si kwa ubaya, "Nani ataonja?"

Dada, hapa nilikaa na kalamu muda mrefu. Ningemjibu kwamba ulimi ni ulimi, hata Bi Chausiku, mwenzangu wa bandani, anao, au akanunue betri. Alikuwa ananisubiri nijibu hivyo. Lakini aliposema "nani ataonja," moyo wangu ulifurahi. Kidogo tu, ila ulifurahi. Siku hiyo hiyo. Nikasema, "Hakuna mwingine mama. Nitabaki."

Ndipo nikakupigia nikakwambia shamba zima limenilalia mgongoni, watu arobaini wananingoja mimi. Hatufiki hata sita. Kaka Shija akachukua simu mkononi mwako. Alisema neno moja tu, "Basi kaa na nyanya zako," akakata. Alisema haki.

Ile siku mliyomzika niliingia bandani mapema. Nilijua saa mnayomtoa ndani. Nikaanza mstari wa kwanza, nikafungulia maji, nikakinga kiganjani, nikaonja. Chumvi. Nikaongeza maji, nikaonja tena. Chumvi. Nikasema huu mfuko una ubishi, nikauacha unatiririka, nikaenda wa pili. Chumvi. Mpaka mchana nilikuwa bado niko mstari wa tatu na mifuko yote inamwaga maji, viatu vimelowa, na kila nikionja ni chumvi, tena inazidi. Simtanki ya kwanza ikaisha. Nikafungua ya pili. Nilikuwa naosha kwa hasira, kama napigana na mtu.

Bi Chausiku ndiye anayefunga nyanya kamba na kupunguza majani. Ni Mzaramo wa Msimbu huko Kisarawe, mtu mzima, amenizidi umri, na kwa vile sisi na Wazaramo ni watani, tangu nifike hajawahi kuniita jina langu. Akaja na mkasi wake.

"We Msukuma, unafuga kambale humu? Maji yanafika mlangoni."

"Chumvi haijatoka, Bi Chausiku."

Akainama, akakinga kiganja chini ya mfuko, akaonja. Akaenda mfuko mwingine, akaonja. Akaniangalia usoni.

"Haya maji matamu. Yametakata tangu asubuhi haya. Unaonja nini wewe?"

Nikapitisha kiganja usoni, kikalowa mpaka kwenye kifundo. Dada, sikujua kama nilikuwa nalia. Naapa kwa ng'ombe wa baba sikujua. Yalikuwa yanashuka yenyewe mpaka mdomoni, na mimi nayatema nikiyasingizia makumbi.

"Nani?" akauliza.

"Mama."

"Lini?"

"Wanamzika sasa hivi."

Mtani wa watu akakaa chini, palepale kwenye maji, na gauni lake. Akanivua buti zote mbili, moja moja, akazikumbatia. "Hizi sikupi," akasema. "Mtu anaficha msiba ili asitulishe wali? Uchoyo gani huu wa Kisukuma? Mama yako alikuzaa ukiwa na kwato?" Wewe unaujua utani wa msibani. Huko nyumbani watani walikuwepo, walifanya yao, mtu akacheka katikati ya kilio na kifua kikafunguka. Mimi nilikuwa na mmoja tu. Alinitukana mpaka nikatoa sauti. Kisha akaenda kufunga maji, nami nimebaki peku.

Jumapili akanichukua kwao Msimbu. Walitandika mkeka uani, ndugu zake wakaja wakakaa, wakanipa pole mmoja mmoja kama ninayejulikana. Walipika wali na maharage ya nazi. Dada mkubwa wa Bi Chausiku akaniuliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Mimi mwenye maneno, dada, nikatafuta hadithi, nikataka kusema aliwahi kumfukuza fisi kwa ufagio. Nikasema, "Alikuwa ananiuliza kama chumvi inatosha." Hawakudai niendelee.

Baadaye nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye shamba lao la mihogo. Udongo wa kule ni wa kichanga, mwepesi. Nikachota kiganja. Ilikuwa miezi mingi sijashika udongo, kazi yangu haina udongo. Nikasimama nao, uso nimeuelekeza upande niliodhani ndiko huko nyumbani, nikataka kuutupa kama mnavyotupa kaburini. Lakini utautupia wapi? Chini yake hakuna mtu. Nikaurudisha pale pale nilipouchota, nikapasawazisha kwa mguu.

Nirudi kwenye nyanya. Yale maji niliyoyamwaga yalitufilisi. Simtanki ya tatu haikufika mistari ya mwisho, na mvua haikunyesha. Mistari minne ikabaki na chumvi yake, majani yakakauka pembeni, matunda yakawa madogo yenye kitako cheusi. Nilibaki kwa ajili ya nyanya na hizo nyanya nikaziharibu mwenyewe. Mama mwenye shamba hakunifokea. Jioni moja alikuja na kipimo kipya, akakitumbukiza kwenye kikombe, namba ikatokea. Bi Chausiku akaisoma kwa sauti. Mlinzi naye akaisoma. Muda wa kuhesabu mpaka kumi, basi. Mama mwenye shamba akaniambia, "Ungeniambia tu, Mzee Maduhu. Ningenunua siku ile ile." Nikamjibu, "Najua mama."

Ndiyo habari yenyewe. Ningeweza kuja. Hakuna aliyenizuia.

Sasa nisikilize dada, hili ndilo lililonikalisha kuandika. Nimesikia kaka Shija ameshaleta mchanga na kokoto, mnataka kulijengea kaburi la mayu kwa saruji kabla mvua hazijakolea. Ni jambo zuri, na marumaru nilizoahidi hazipo, zitoeni kwenye mategemeo yenu. Ninachoomba ni kingine. Mkilijengea mkalifunika lote, mimi nitakuwa mtoto wake pekee ambaye hakumtupia udongo, na hakuna mahali pengine duniani ninapoweza kuutupa. Nimejaribu, nimekueleza. Naomba mumwambie fundi aache mahali wazi. Kichwani au miguuni, popote anapoona yeye. Si pakubwa. Weka kiganja chako, mwambie achore pembeni yake. Tukimaliza kuchuma mistari iliyopona nitapanda basi, nitakuja peku kama itabidi, maana buti bado anazo Bi Chausiku. Nikishatupa, fundi azibe.

Kama kaka atakataa, usigombane naye. Mwambie tu nimekiri.

Nisalimie kaka Shija, mwambie shikamoo yangu hii haina mbwembwe. Nisalimie shemeji, mumeo, na shangazi yetu aliyemwosha mayu, Mungu ampe mikono yenye nguvu. Wajomba zangu, wanao wale watatu, waambie yule chatu wa msitu wa Vihingo niliyemkaba kwa mikono mitupu alikuwa nyoka wa kawaida wa hapa hapa shambani, urefu wa fimbo ya kuchungia, na aliyemuua ni mwanamke kwa jembe. Mimi nilikuwa juu ya simtanki.

Barua nampa kondakta wa basi la Shinyanga hapa stendi. Utakapoisoma, kama saruji haijamwagwa, tuma neno.

Ni mimi mdogo wako,

Maduhu, muosha mifuko