Abiria Namba Kumi na Saba

Buzebazeba, 4 Februari 2001

Shemeji Anifa,

Salamu nyingi. Huku wazima. Watoto homa imewaachia?

Nasikia unataka kumdai Mzee Nikodemu, bosi wangu mwenye boti, kwa kifo cha mdogo wangu Assani. Wewe na nani? Boti ilizama, nahodha akashtakiwa, mahakama ikamwachia. Mzee alileta sukari msibani, nami kaka mtu nikasema mbele ya watu kwamba tumesamehe. Yamekwisha. Mkimbizi wa kupanga foleni ya unga anajua nini cha mahakama?

Shemeji yako,
Hamdani

Kambini, 20 Februari 2001

Shemeji Hamdani,

Shikamoo. Homa imeisha, asante kwa kuiulizia kabla ya kunitukana.

Dada Leonia wa msaada wa sheria amenieleza, na mkimbizi ameelewa. Kesi ya nahodha ilikuwa ya jinai, serikali na yeye, na huko lazima kosa lithibitike bila shaka. Yangu ni ya madai. Natakiwa kuonyesha kwamba yaelekea zaidi kuwa uzembe wa Nikodemu, kujaza watu bila maboya, ndio uliomuua mtu aliyekuwa akitulisha. Fidia ni ya mjane, watoto na wazazi. Kaka hayumo, kwa hiyo huna cha kusamehe. Hiyo sukari kanywee chai.

Mimi Anifa ndiye msimamizi wa mirathi, na mimi ndiye nitakayedai.

Shemeji yako,
Mama Dunia

Buzebazeba, 11 Machi 2001

Mama Dunia,

Marahaba. Mimi kifua kinanibana kidogo.

Dai tu, uchekwe. Mzee atasema Assani alizama akivua samaki, maana kwenye orodha ya abiria hayumo. Umesahau? Hakuwa na kibali cha kutoka kambini, nami karani wa boti nikamwandika kwa jina langu, namba kumi na saba, kwa huruma yangu. Nikilisema hilo nafukuzwa kazi. Sitalisema. Rudi ukapande mihogo.

Shemeji yako,
Hamdani

Kigoma mjini, 17 Mei 2002

Shemeji Hamdani,

Shikamoo. Kifua kimeachia? Jana ulitoka mahakamani mbio, hukusubiri hukumu, basi nakuarifu.

Mwezi uliopita uliapa kwamba Hamdani wa namba kumi na saba ni marehemu mwingine, wala humjui. Nilikuonea haya. Ndipo wakili wetu akatoa barua yako ya Machi mwaka jana. Hakimu aliilaza kando ya orodha, akasema mwandiko ni mmoja. Jana ameamua kwamba Assani alikuwa botini na Nikodemu atalipa.

Nililia, sikufichi. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu wa serikali akisema, "Assani, abiria namba kumi na saba."

Nasikia Nikodemu anatafuta karani mpya. Usiache kuniandikia, shemeji. Mwandiko wako unasomeka vizuri.

Shemeji yako,
Mama Dunia