Masale Mawili Uani

Baba Anjela mume wangu,

Nakusalimu kutoka huku Dodoma kwenye jua. Mguu unaendeleaje? Na mama, kifua kimetulia? Mimi mwili mzima, tunapikia wanafunzi hapa bwenini kama kawaida, ila moyo haujakaa sawa. Naandika kwa sababu kwenye simu nikikubana unasema mtandao unakatakata.

Anjela amenipigia kwa simu ya rafiki yake, analia. Nikuulize, yule mtoto kakosa nini? Unajua toka alipoanza kubeba mifuko ya wacheza gofu kule Moshi, mwalimu wao amemwona ana mkono. Akipiga mbali mpira unafika. Shida ni ule wa karibu na shimo, unapita pembeni. Ndiyo mwalimu akamwazima fimbo, akamwambia achomeke vijiti viwili vilivyokaribiana mbele ya shimo, autelezeshe mpira katikati bila kuvigusa, mpaka mkono uzoee kunyooka. Hicho tu. Mtoto akakata vijiti vya mmea wa masale maana ndiyo yaliyokuwa karibu, akayachomeka uani.

Mdogo wako Festo akapita, akaona masale yamesimama, eti nimemtuma binti aweke mpaka, agawe kihamba, shamba la ukoo. "Leo uani, kesho migombani," akasema, akayang'oa. Mtu mzima yule anajua masale ya mpaka hupandwa na wazee, majirani wakiona. Mpaka gani wa upana wa kiganja? Hata kuku atapita kwa ubavu.

Lakini Festo tumemzoea, jani likitikisika anasema anaibiwa ardhi. Hasira yangu ni kwako. Ulikuwa umekaa hapo barazani, unaona. Anjela anasema ulimwambia, "Mwanangu, rudisha hiyo fimbo ya watu, yaishe." Yaishe kwa nani? Festo kalala usingizi wake, wewe umekunywa mbege yako, mtoto kabaki mikono mitupu, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanachagua wasichana wa kuchezea mkoa. Mimi niliachia darasa la nne kwa sababu hakuna aliyenisemea. Huyu ana baba, na baba kanyamaza.

Sasa nisikilize. Ukishasomewa barua hii, shuka naye Moshi, ukaiombe ile fimbo kwa mdomo wako. Halafu vijiti uvichomeke wewe, mchana, Festo akiangalia. Kama masale yanamtisha, tumia mabua. Akiuliza, mwambie binti yangu anafanya mazoezi. Maneno hayo hayakushindi.

Asipocheza siku hiyo, Krismasi mimi sipandi huko. Nitakula wali hapa na walinzi.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu. Wifi wa Pasua, anayemsuka Anjela nywele, mwambie nimemkumbuka. Festo naye msalimie, ni shemeji yangu. Anjela mwambie afute machozi, ale vizuri. Na ukoo ukikusanyika kuchinja mbuzi wa sikukuu, mama akauliza mkwe wake yuko wapi, umjibu wewe.

Mkeo,
Mama Anjela