Mwendo wa Punda Mjini

Bagamoyo, Mfungo Sita, 1307

Kwa mpwa wangu Nasor, uliyeko Unguja.

Salamu nyingi, sote nyumbani tu wazima. Uliyoyasikia juu ya mguu wa mama yako yamekuzwa. Ngoja nikueleze mimi niliyekuwapo.

Mwezi uliopita Wadachi walipiga mbiu ya mgambo kwamba punda akiwa mjini asimpite mtu aendaye kwa miguu. Mji mzima ukawa unajikokota. Mimi nikamwita Mabruki, pagazi ambaye akikimbia hata mbwa humpisha, nikamwambia, "Tangulia." Akatimua mbio, nami juu ya punda wangu wa Maskati nyuma yake, bila kumpita. Askari wakabaki midomo wazi. Hapo amri nimeivunja?

Penye kona ya duka la Jaysukh, mama yako alikuwa akitoka na kanga zake. Mabruki yeye alimkwepa.

Kesho yake ikapigwa mbiu nyingine: punda aongozwe kwa kamba, mwenyewe atembee. Serikali nzima imebadili amri kwa ajili ya mjomba wako. Nani mwingine pwani hii ya Mrima anaweza kusema hivyo?

Basi kila asubuhi mama yako hupanda punda, mimi nikashika kamba, tukaenda kwa mganga wa mifupa, kule Dunda. Watu barazani hunicheka: "Himid, taratibu, usitupite." Mama yako hasemi nami. Jana tu ndipo alipofungua kinywa: "Mwandikie Nasor aje anishikie kamba yeye."

Mguu bado haukanyagi chini. Njoo kwa chombo cha kwanza.

Mjomba wako,
Himid bin Saleh