Vumbi la Risasi Chumbani kwa Kifungo

Mpendwa Shangazi wa ukurasa wa ushauri,

Naomba unisaidie, na tafadhali barua hii usiiweke chini ya rundo, kwa sababu tangu Jumapili siwezi kutulia, nikikaa nasimama, nikisimama nakwenda jikoni kuitazama sufuria moja, nikirudi chumbani namtazama mdogo wangu anavyopumua, na mama ameshaniuliza mara mbili kama nina minyoo.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nyumbani tupo watatu: mama, ambaye ni mshonaji na cherehani yake iko chumba cha mbele, mimi, na mdogo wangu wa kike mwenye miaka miwili. Tunamwita Kifungo, kwa sababu kila kifungo kinachodondoka chini ya meza ya mama hukiwahi na kukitia mdomoni. Tunalala chumba kimoja, yeye na mimi.

Mwaka huu mwalimu wa fizikia aliniazima chombo cha kupimia miale ya gama. Ndani yake kuna fuwele yenye ukubwa wa glasi ya chai, imefungwa kwenye kopo la alumini, na mwale ukiipiga hutoa mwanga mdogo sana, kompyuta inauhesabu mwanga huo, na baada ya saa kadhaa unapata grafu yenye vilele. Kila kitu chenye miale kina kilele mahali pake, kama vile kila mtu ana mwandiko wake. Nataka kupima udongo, mbolea na majivu kwa ajili ya maonyesho ya sayansi yatakayofanyika baada ya wiki tatu, na mshindi atakaa likizo nzima kwenye maabara ya chuo kikuu. Shangazi, sijawahi kukitaka kitu namna hii, na nyumbani sijasema ninavyokitaka, maana nikisema naona kama kitakimbia.

Shida ni kwamba hata kuta za nyumba zina miale kidogo, matofali na mchanga na saruji, haimdhuru mtu lakini inaijaza grafu kelele mpaka udongo wangu hausikiki. Dawa yake ni kukizungushia chombo ukuta wa risasi, kwa kuwa ni metali nzito na miale haiipenyi kwa urahisi. Mjomba wangu ni fundi matairi, akanipa nusu gunia la vile vipande vya risasi vinavyobandikwa kwenye magurudumu ili gari lisitetemeke. Alicheka, akaniambia, "Chukua, Bi Mionzi, ila ukishakuwa mkubwa usijifanye hunijui."

Mama alipoona waya na kopo alisema hataki mionzi ndani ya nyumba yake, akauliza kama nataka Kifungo aote mkia. Nikamweleza polepole kwamba chombo hakitoi kitu, kinasikiliza tu. Mama mdogo, ambaye alikuwa amesimama akipimwa gauni, akauliza kama kinaweza kusikiliza pia mume wake alikuwa wapi Jumamosi, wakacheka wote wawili na mama akalegea. Lakini kabla sijaondoka alinishika mkono.

"Unaniapia hakuna kitu hapo cha kumdhuru mtoto?"

"Naapa, mama."

Na kuhusu mionzi nilisema kweli.

Sasa sikiliza nilichofanya. Jumamosi tatu mfululizo, mama alipokwenda kuwapelekea wateja nguo zao, niliyeyusha risasi ile uani juu ya jiko la mkaa, kwa kutumia sufuria ndogo ya chuma ambayo niliiona haitumiki, nikaimimina kwenye kopo la mstatili, nikapata matofali ishirini na matatu. Hayakulingana. Kitabu kinasema ufa ukiwa mwembamba kama unywele bado miale inapita, nami sikutaka ufa hata mmoja, kwa hiyo kila jioni nilikaa sakafuni chumbani kwetu nikayasugua kwa tupa, tofali baada ya tofali, mpaka yakashikana kama meno, na unga wa kijivu ulipojaa nikaufagia kuelekea mlangoni. Kifungo alikuwa anauchora kwa kidole. Nilimwambia asichafue mikono. Baadaye mama akaulizia sufuria yake, nikaisugua kwa mchanga na majivu hadi ikang'aa, nikairudisha, akafurahi, na tangu siku hiyo ndiyo anayochemshia maziwa ya Kifungo.

Jumapili nilikuwa naandika sehemu ya usalama kwenye ripoti yangu, nikafungua kitabu cha mwalimu nitafute sentensi moja kuhusu miale, nikakuta ukurasa mzima kuhusu risasi yenyewe: kwamba vumbi lake ni sumu, kwamba wanaoumia zaidi ni watoto wadogo kwa sababu hutia mikono mdomoni, kwamba wengine huumwa tumbo na kukataa chakula, na kwamba inaweza kuharibu hata akili ya kujifunza. Nilisoma mara tatu nikitumaini sijaelewa. Shangazi, Kifungo ana wiki mbili hataki kula, anashika tumbo na hapati choo vizuri. Mama anasema ni magego yanaota.

Jumatatu nilifanya jambo la kijinga. Nilimkalisha mbele ya fuwele kwa dakika ishirini. Nilijua kabisa kwamba risasi haitoi miale, ndiyo maana tunaitumia, na mashine yangu isingeisikia hata kama angemeza tofali zima, lakini nilitaka kitu chochote kiniambie. Grafu haikuonyesha kitu zaidi ya kuta za nyumba, na Kifungo akasinzia mapajani pangu.

Jumanne niliificha sufuria nyuma ya ndoo, mama akaipata, akachemsha maziwa, na mimi nilipopewa nimpelekee Kifungo nikajikwaa makusudi nikayamwaga. Mama alisema nina mikono ya siagi na kwamba maziwa hayaokotwi barabarani. Leo nitajikwaa tena?

Nimwambie mama, au niitupe sufuria kimyakimya, nifagie vizuri na kusubiri maonyesho yapite? Nikisema, atakitupa kila kitu nje, na chombo si changu. Tena hataniamini kamwe, maana nilimwapia. Na nisiposema, sijui jinsi ya kuimaliza sentensi hii.

Ni mimi,
Bi Mionzi

* * *

Bi Mionzi, mwanangu,

Nimemwomba mhariri aipitishe barua yako mbele ya wachumba wawili waliogombana na mama mkwe mmoja, kwa sababu mtoto wa miaka miwili hapangi foleni.

Jibu unalo. Msichana anayemwaga maziwa makusudi ameshaamua moyoni, amebakiza mdomo tu. Lakini hebu nikukemee kwanza, maana umenikosesha raha. Tangu Jumapili unazunguka humo ndani kama kuku anayetaka kutaga, unakwenda jikoni, unarudi chumbani, na katika mizunguko yote hiyo umempita mama yako mara ngapi pale kwenye cherehani? Ulikuwa na muda wa kumpima mtoto kwa mashine uliyojua haiwezi kukujibu. Aliyeweza kukujibu alikuwa chumba cha mbele.

Kiapo chako nimekielewa. Siku ulipoapa hukujua, na asiyejua hasemi uongo. Tangu Jumapili unajua. Usimwongezee mama yako hata siku moja nyingine ya kuchemsha maziwa kwenye sufuria hiyo huku akikushukuru kwa kuing'arisha.

Nimempigia daktari wa watoto ninayemwamini na kumsomea barua yako. Amesema inawezekana kweli ni magego, na inawezekana ni risasi, na kwa kumtazama mtoto usoni hakuna anayejua, si mama, si mimi, si yeye. Damu ndiyo inayosema. Kwa hiyo Kifungo apelekwe hospitali, na mkifika msiseme tu kwamba anaumwa tumbo, mtapewa dawa ya tumbo na kurudishwa. Semeni neno lenyewe: risasi, imeyeyushwa nyumbani, imesuguliwa chumbani anamolala. Ombeni damu ipimwe risasi, na kama hospitali hiyo haina kipimo, waulizeni wapi kipo na msikubali kurudi mikono mitupu. Na wewe upimwe, kwani uliyeinamia moshi ule ni wewe. Msimpe dawa ya kienyeji, msimtapishe. Daktari anasema jambo la kwanza na kubwa kuliko yote ni kumtenga mtoto na chanzo, na hilo mnaweza kulifanya leo.

Ndiyo maana nakukataza kufagia. Unanisikia? Ufagio mkavu utalirusha vumbi na kulipeleka kitandani. Kifungo alale kwa mama. Chumba kifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni, sakafu, madirisha, miguu ya kitanda, kisha kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kutupwa, na mashuka na midoli vifuliwe mbali na nguo nyingine. Pale uani ulipoyeyushia mtoto asipachezee. Sufuria haisafishiki, itoboe kabla ya kuitupa, asije mtu akaiokota akapikia watoto wake. Na mjomba wako umwambie anawe mikono kabla ya kula, hata kama atacheka.

Sasa kabla hujaniona adui wa sayansi, nimemuuliza pia fundi wa maabara. Anasema matofali yale hayakuhitaji tupa hata kidogo. Fundi mwashi hujenga kwa kupishanisha, tofali la juu linaziba kiungo cha mawili ya chini, na ukijenga hivyo miale haina pa kupita moja kwa moja. Yapakwe rangi, yafungwe kwa plastiki, na yakae shuleni chini ya macho ya mwalimu, ambaye naye nina la kumwambia: ukimpa mtoto fuwele mpe na ukurasa wa risasi siku hiyohiyo. Kama utafika kwenye maonyesho au hutafika, ataamua mama yako baada ya majibu ya damu, wala usimbembeleze. Yakikupita mwaka huu, yatafanyika mwaka mwingine, na wewe utakuwa na akili ileile, ukiwa na adabu zaidi mbele ya vumbi.

Mama yako atafoka. Mwache afoke. Huenda akakipeleka chombo nje, nawe ukiokote ukirudishe shuleni. Huenda akakaa wiki nzima bila kukuita kwa jina lako la kubembelezwa. Utavumilia, kwa sababu maneno ya mama hayajawahi kumuua mtoto.

Usitafute maneno mazuri, yatakuchelewesha. Mwambie hivi: "Mama, zima cherehani. Sufuria ya Kifungo niliyeyushia risasi, na risasi ni sumu. Twende hospitali, nitakueleza njiani." Hayo yanatosha kuanzia.

Kunja gazeti. Nyanyuka.

Shangazi