Kosakosa wa Mama Victorine

Kasongo, 4 Februari 2024

Rosine mwanangu,

Hujambo kule Salamabila? Mukwe wangu Glody iko muzima? Mimi niko, mugongo tu unanisumbua asubuhi, jua likipanda unaniacha. Barua yako nimeisoma. Unasema nifunge nyumba ya marehemu baba yako nije kukaa kwenu, maana ninazeeka peke yangu. Ngoja kwanza nikupe habari!

Véronique, yule muchuuzi wa Nyangwe, aliniletea samaki, na katikati yao kulikuwa kosakosa, wale kamba wadogo wa mutoni, wazima, wanarukaruka. Wembamba kama njiti ya kiberiti, na mwili unapitisha mwanga hadi unaona chakula tumboni. Niwakaange? Moyo ulikataa. Fundi aliziba kwa silikoni lile sanduku la kioo la duka la baba yako, nikalijaza maji ya bomba, ya robine ya uani, yaliyokuwa yamekaa kwenye pipa, na majani machache ya mutoni. Juzi nilimulilia mumoja aliyekufa, kumbe ni ganda tu! Alivua nguo ya zamani, mwenyewe iko nyuma ya jani anatembea.

Mama yako, Victorine

Salamabila, 25 Februari 2024

Mama mupenzi,

Mugongo unaendeleaje? Sisi wazima, vumbi tu inatukohoza. Mama, nimecheka, kisha nimeogopa. Umeacha jirani zako unaongea na kosakosa? Chumba chako iko tayari hapa. Nijibu neno moja: unakuja?

Mutoto wako, Rosine

Kasongo, 10 Machi 2024

Rosine mwanangu,

Natumaini nyinyi muko salama, sababu hapa ni huzuni. Kosakosa wamekufa karibu wote. Jana niliona maji yamepungua, nikamwaga ndoo nzima moja kwa moja kutoka robine. Nilipotoka misa leo walikuwa wamelala ubavu. Nikanusa ile ndoo: dawa ya kuua vijidudu, kali hadi puani! Maji ya kwanza yalikaa kwenye pipa, dawa ikatoka, na mimi sikujua.

Wamebaki wachache. Nyumba imenyamaza tena. Mutume Glody na pikipiki, nitakuja.

Mama yako

Salamabila, 17 Machi 2024

Mama, pole sana. Ulale vizuri, ule. Glody anaondoka kesho. Nimekwisha kutandika kitanda chako, na shuka ni mupya. Siamini!

Mutoto wako

Kasongo, 2 Aprili 2024

Mwanangu, hujambo? Usimukasirikie mume wako!

Alifika salama. Mizigo yangu ilikuwa mulangoni, imefungwa. Akainama kutazama kosakosa waliobaki, mara akapiga kelele: «Mama, kuja! Huyu iko na vitu chini ya tumbo!»

Mayai, Rosine! Kama mbegu za nyanya, na vijiguu vyake vinayapepea bila kupumzika. Nikamuuliza Glody, pikipiki itabeba sanduku la kioo? Akasema, «Kwa ile barabara? Hapana.» Halafu mwenyewe akafungua mizigo yangu. Sasa anachota maji, anayaacha kwenye beseni wazi, ananiita ninuse, kisha tunaongeza kikombe kwa kikombe. Anakataa kurudi kabla watoto hawajatoka.

Siji, mwanangu. Nisamehe.

Mama yako

Kasongo, 28 Aprili 2024

Rosine, uko muzima? Hujajibu. Kama umekasirika, kasirika, lakini soma.

WAMETOKA! Glody aliwasha taa ya simu, tukaona nukta ndogo juu ya jani, nukta zenye ndevu! Wamefanana na mama yao kabisa, ila wadogo wadogo. Tulirukaruka hadi jirani wakafikiri kuna arusi. Leo watoto wa mutaa wamepanga mustari mulangoni, wanaingia mumoja mumoja. Glody atakupa barua hii mukononi.

Mama yako anayekupenda

Salamabila, 6 Mei 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Glody alifika, na tangu afike hana habari nyingine. Hata wateja wa pikipiki anawaeleza namna ya kuacha maji yatulie.

Kweli nilikasirika. Nilipiga shuka zako teke. Mama, niliandika kwamba unazeeka peke yako, lakini mutu wa peke yake ni mimi. Mume wangu iko barabarani kutwa, hapa sina dada, sina rafiki wa kuketi naye. Nilitaka mama yangu karibu, nikaona haya kusema.

Wakubwa wa dispansere ninapofanya kazi wamenipa konje, ruhusa ya kupumzika. Ninakuja Ijumaa, nitakaa mwezi muzima. Nikifika usinipikie kwanza, usiniulize safari ilikuwaje. Nishike mukono, unipeleke mbele ya kioo cha kosakosa.

Mutoto wako, Rosine